Kamba Ikitoka Wodini, Sindano Isichukue Nafasi Yake

Muuguzi anayemfunga mgonjwa kitandani kwa shuka lililochanwa mara nyingi hafanyi hivyo kwa ukatili. Yuko zamu ya usiku, mwenzake ni mmoja au hayupo kabisa, na mgonjwa mwenye mania, hali ya ugonjwa wa akili inayomjaza mtu msisimko kupita kiasi, hajalala siku ya tatu na sasa anavunja vioo. Mjadala wa kufunga wagonjwa unaanzia hapo, ingawa wanaobishana hupenda kuanzia mbali zaidi.

Wanaotaka kufunga kukomeshwe kabisa wanashika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ambao Kenya iliuridhia 2008 na Tanzania 2009. Kamati inayousimamia inautafsiri kuwa mtu halazimishwi tiba kwa sababu ya ulemavu wa akili. Hoja yao ya kitabibu ni nzito vilevile. Anayelazwa kifudifudi na kukandamizwa mgongoni hukosa pumzi akiwa bado anafurukuta, na kule kufurukuta huonekana kama ukorofi, basi wanamwongezea uzito. Aliyefungwa saa nyingi anaweza kuganda damu kwenye mishipa ya mguu, na bonge likifika mapafuni linaua. Kisha kuna lile lisiloandikwa kwenye faili: aliyepona akikumbuka kamba, kliniki haimwoni tena.

Upande wa pili unategemea kanuni za Umoja wa Mataifa za 1991 kuhusu wagonjwa wa akili, zinazoruhusu kumzuia mtu pale tu ambapo hakuna njia nyingine ya kuepusha madhara ya papo hapo, kwa muda usiozidi uliohitajika, na kwa maandishi. Swali lao ni la haki pia: mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyetulia, naye ana haki ya kutopigwa. Nani atamkinga?

Nakubaliana na wa kwanza kuhusu kamba, na wa pili kuhusu mikono, yaani kumshika mgonjwa pale inapobidi. Ila marufuku inayoshuka kwa waraka, bila watu wa kuongeza zamu, haiondoi nguvu wodini. Inaihamishia kwa mlinzi wa getini, kwa ndugu wa mgonjwa, na zaidi kwenye sindano ya kutuliza.

Na sindano ina hatari zake. Haloperidoli miligramu 5 msulini ikitolewa peke yake inaweza kupinda shingo, kugeuza macho juu na kukaza ulimi, hasa kwa vijana wa kiume. Ndiyo maana huambatanishwa na promethazini miligramu 25 hadi 50. Diazepamu ya msulini huingia mwilini bila mpangilio: muuguzi haoni matokeo, anarudia, kisha dozi mbili zinakutana na pumzi inashuka. Kloropromazini ya sindano hushusha presha, mgonjwa akiinuka kwenda chooni anaanguka. Baada ya sindano yoyote ya kutuliza, pumzi, mapigo, presha na ufahamu vipimwe kila dakika 15 kwa saa ya kwanza. Wodi yenye kipimo kimoja cha presha hulikosa hilo kwanza. Kwa hiyo hospitali inayojivunia kutofunga mtu mwaka mzima, huku haihesabu sindano, haijathibitisha kitu.

Kabla ya yote, sukari ipimwe. Anayepigana anaweza kuwa na sukari iliyoshuka, malaria kali, homa ya uti wa mgongo au kuacha pombe ghafla, na huyo hatibiwi kwa kutulizwa tu.

Njia ya maneno ina ushahidi. Utafiti wa Safewards, mpango wa mbinu kumi za kupunguza vurugu katika wodi za akili nchini Uingereza, uliochapishwa 2015, ulionyesha vurugu zikipungua kwa asilimia 15 na hatua za kuzuia kwa asilimia 26.4. Wodi zile si zetu, kweli. Lakini baadhi ya mbinu zake kumi hazihitaji bajeti. Mojawapo ni kupanga namna ya kumpa mgonjwa habari mbaya, kwa mfano kwamba ndugu hawaji au ruhusa imeahirishwa, kwa kuwa fujo hufuata habari za aina hiyo. Nyingine ni ufundi wa kuongea: msemaji awe mmoja, asimame umbali wa mikono miwili, mlango usizibwe, watazamaji waondolewe, na mgonjwa aulizwe anataka nini. Mara nyingi ni simu ya nyumbani, sigara au choo.

Mafunzo ndipo tunapokosea zaidi. Semina ya siku tatu humpata msimamizi wa wodi, anarudi na cheti, zamu ya usiku inabaki vilevile. Nusu saa ya mazoezi wodini wakati wa kupokezana zamu, wakiwemo wahudumu na walinzi ambao mikono yao ndiyo hutangulia, ina faida kubwa kuliko hiyo semina. Na aliyesomea uuguzi wa akili asihamishiwe wodi ya upasuaji mwaka unaofuata.

Ikibidi kushika, iwe kwa dakika chache, mgonjwa asilale kifudifudi, shingo na kifua viachwe huru, na mtu mmoja abaki kichwani akitazama uso na kuongea naye. Kila kiungo kina mshikaji wake. Ukihesabu, ni watu watano. Zamu ya watu wawili haina chaguo hilo, na hapo ndipo shuka linapochanwa tena.