Mita mbili kando ya nguzo

Katika vituo vya kuteleza theluji vya milima ya Alps, kinachotenganisha mahali palipokaguliwa na mahali pasipo na mwenyewe ni nguzo ya rangi, pengine na kamba nyembamba. Ndani ya nguzo, mashine zimepita usiku kucha kusawazisha njia, na alfajiri wafanyakazi wamelipua baruti kwenye miteremko ya juu ili theluji iliyolegea iporomoke kabla wageni hawajamaliza kifungua kinywa. Mita mbili nje ya nguzo hakuna aliyekagua chochote. Hakuna lango wala mlinzi. Na theluji ya huko, niseme ukweli, ndiyo tamu zaidi.

Sina ugomvi na wanaotoka nje ya nguzo. Ugomvi wangu ni na wanaowauzia tiketi. Tazama matangazo ya vituo vikubwa: mtu mmoja, mlima mtupu, theluji isiyokanyagwa ikimrukia hadi kifuani. Foleni ya njia ya bluu, yaani njia rahisi, ambako mteja wa kawaida atashinda siku nzima, huioni. Kinachopambwa kwenye bango ndicho hicho hicho ambacho kituo kinajitoa kwa maandishi madogo: ukienda huko, shauri yako.

Chamonix, Ufaransa, jambo hili liko wazi kuliko popote. Gari la waya la Aiguille du Midi, linalofanya kazi tangu 1955, linakuchukua kutoka mjini, kwenye mita 1,035 hivi, hadi mita 3,777 kwa takriban dakika 20. Waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu wanajua kibanda cha Horombo kiko mita 3,720, na kwamba mtu hufika pale siku ya pili, kwa miguu, pole pole, mwili umeshampa taarifa zake zote. Juu ya Chamonix unafika mahali palipoinuka kuliko Horombo ukiwa bado na ladha ya kahawa mdomoni. Kisha unashuka ukingo mwembamba wa theluji, unavaa skii zako na kuanza Vallée Blanche, safari ya kilomita 20 hivi, sehemu kubwa juu ya mto wa barafu wenye mipasuko inayoweza kummeza mtu mzima. Hakuna alama njiani wala doria. Wengi hufika salama, na hapo ndipo tatizo linapoanza, maana nyayo za waliotangulia huonekana kama cheti cha usalama.

(Mjadala wa gari la waya Kilimanjaro ulipozuka Tanzania mwaka 2019, kilio kikubwa kilikuwa ajira za wapagazi. Kilio halali kabisa. Ila mimi nilikuwa nawaza habari ya mwili unaopandishwa haraka kuliko akili.)

Hebu tuje kwenye namba. Ulaya hutumia kipimo cha hatari ya maporomoko ya theluji chenye ngazi 5. Mtu akiona 3 kati ya 5 anajiona yuko katikati, kama mwanafunzi aliyefaulu bila kung'ara. Kumbe kipimo hiki hakipandi kwa hatua zilizo sawa: kutoka 2 kwenda 3 hatari huongezeka mno. Uswisi, karibu nusu ya vifo vya maporomoko hutokea siku za ngazi ya 3. Ngazi ya 5 ni nadra, na siku hizo barabara hufungwa na watu hujifungia ndani. Siku ya 3 jua linaweza kuwaka, magari ya waya yanafanya kazi, na kila mtu anatoka.

Theluji hukaa kwa matabaka. Tabaka dhaifu linaweza kujificha chini kwa wiki kadhaa, upepo ukalijazia bamba zito juu yake, na mteremko wa nyuzi 30 hadi 45 ukabaki umetulia mpaka atokee mtu wa kulivunja. Mara nyingi sana, poromoko linalomfukia mtu huwa limeanzishwa na yeye mwenyewe au mwenzake. Theluji ikisimama hugandamana papo hapo. Aliyefukiwa hawezi kukunja hata kidole. Akifukuliwa ndani ya dakika 15, uwezekano wa kupona ni mkubwa sana. Zikifika dakika 35, huenda akapona mmoja kati ya watatu. Helikopta huwahi mara chache. Wa kukufukua ni uliokwenda nao.

Ndiyo maana nasikiliza kwa heshima, lakini bila kuridhika, wanaposema dawa ni vifaa. Italia, tangu 2022, inamtaka anayeteleza nje ya njia penye hatari awe na kifaa cha kurusha na kunasa mawimbi ya kumtafutia aliyefukiwa, fimbo ya kupimia kina na beleshi. Sheria nzuri. Lakini mkumbuke Prince Friso wa Uholanzi. Februari 2012, Lech, Austria, ngazi ya hatari ilikuwa 4. Alikuwa anapajua pale tangu utotoni, yuko na rafiki mwenyeji, amevaa kifaa cha mawimbi, na waokoaji walimfikia upesi. Alikaa chini ya theluji takriban dakika 25, akafariki mwaka uliofuata. Kifaa kilifanya kazi yake yote.

Wageni kutoka Marekani nao wana mtego wao. Kwao, eneo lililo ndani ya mipaka ya kituo, hata lisilosawazishwa, kwa kawaida hukaguliwa na kikosi cha doria. Wakifika Alps wanadhani kila penye gari la waya pana mlezi.

Kuna watakaosema basi wafunge kabisa. Hapana. Hata La Grave, kituo ambacho karibu chote ni mlima mbichi usiosawazishwa, nisingetaka kifungwe, maana anayekwenda pale anajua anakwenda wapi. Mlima usigeuzwe ukumbi wa michezo kwa sababu baadhi yetu hatusomi taarifa ya hali ya theluji. Ninachotaka ni kidogo, na kinalipika. Taarifa hiyo ibandikwe pale tiketi inapokaguliwa, kwa sentensi nzima badala ya namba tupu: leo mteremko upi, upande upi, kwa sababu gani. Na kila picha ya tangazo yenye theluji isiyokanyagwa ichapishwe na tarehe iliyopigwa, ngazi ya hatari ya siku ile, na kama mtelezaji alikuwa na mwongozaji wa milima wa kulipwa. Nina hakika wengi wao walikuwa naye, amesimama pembeni, nje ya fremu.