Sumu ya bakteria: anayechagua ni kimeng'enya au mlango?

Pepopunda hukaza misuli mpaka taya zikafungana. Botulizimu huilegeza mpaka mgonjwa akashindwa kupumua. Ukiwatazama wagonjwa hawa wawili kitandani, huwezi kudhani kwamba sumu zao zina undugu. Kumbe sumu ya pepopunda na ile ya botulizimu aina ya B hukata protini ileile ya neva, sinaptobrevini, inayosaidia neva kumwaga kemikali zake za ishara, tena mahali palepale: kati ya asidi amino mbili za mnyororo wake, glutamini ya 76 na fenilalanini ya 77. Kikundi cha Cesare Montecucco cha Padova, Italia, kilionyesha hivyo mwaka 1992. Basi ubingwa wa sumu hizi uko wapi: kwenye kimeng'enya, sehemu ya sumu inayolitambua windo na kulibadilisha, au kwenye mlango, yaani namna kinavyofikishwa ndani ya seli?

Wanaokitetea kimeng'enya wana ushahidi mzito. Ukikipa kipande kifupi chenye jozi hiyo ya asidi amino, hakifanyi kazi ya maana. Lazima kwanza kiikumbatie sinaptobrevini sehemu ndefu, hata mbali na panapokatwa, ndipo zinki iliyomo ndani yake isaidie maji kuvunja kiungo. Panya mkubwa wa maabara ana sinaptobrevini moja yenye asidi amino nyingine, valini, mahali pa ile glutamini, na hiyo haikatwi.

Dondakoo linashangaza zaidi. Sumu yake huchukua NAD, molekuli iliyojaa katika kila seli, huivunja na kubandika kipande chake, ADP-ribosi, kwenye difthamidi. Hiyo ni asidi amino histidini ambayo seli yenyewe imeifinyanga upya, nayo hupatikana kwenye protini moja tu, eEF2, inayosukuma mbele kazi ya ribosomu, kiwanda cha protini cha seli. Ikishabandikwa, utengenezaji wa protini unasimama. Seli isiyo na difthamidi hunusurika hata sumu ikiingia.

Sasa upande wa pili. Mwaka 1978 watafiti wa Japani walikiingiza kimeng'enya cha dondakoo ndani ya seli za panya mdogo, mnyama ambaye kwa kawaida hasumbuliwi na sumu hiyo kwa kuwa kipokezi chake, protini ya juu ya seli ambayo sumu hujishikiza, hakiishiki vizuri. Molekuli moja ilitosha kuua seli. Wengi huishia kwenye hiyo "molekuli moja". Mimi naona kinachosahaulika ndicho kikubwa: windo lilikuwemo siku zote, na aliyemlinda panya ni mlango.

Ndivyo ilivyo pia kwa pepopunda. Sumu ya botulizimu hubaki pale neva inapokutana na msuli na kuzuia asetilikolini, kemikali inayouamuru msuli ukaze. Ya pepopunda hupanda hadi uti wa mgongo, ikazinyamazisha neva zinazotuliza misuli. Mkasi ni mmoja, mikono iliyoushika ni miwili.

Kwa hiyo, kwa swali la nani ataugua nini, naupa mlango ushindi. Dawa ya denileukin diftitox, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1999, ni sumu ya dondakoo iliyoondolewa sehemu ya kujishikiza na kupachikwa interleukini-2, protini ya ishara ya kinga ya mwili, ikaelekea kwenye seli za limfoma ya ngozi, saratani ya chembe za kinga.

Ila ushindi huo una mpaka. Kingasumu cha pepopunda hunasa sumu iliyo bado nje. Iliyokwisha kuingia kwenye neva hakiifikii. Huko ndani kinachohitajika ni kizuizi cha kimeng'enya chenyewe, na dawa ya namna hiyo haijaidhinishwa. Kuiziba zinki si jibu rahisi, maana mwili nao una vimeng'enya vyake vya zinki. Ndiyo maana baadhi ya watafiti wanalenga zile sehemu za mbali ambazo sumu hutumia kukumbatia windo.