Tairi pana kwenye Massey 135: unachopata na unachotoa

Trekta ya Massey Ferguson 135 ilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1964 hadi 1975, na hadi leo iko shambani. Ringi yake ya nyuma ni ya inchi 28, na tairi lake la kawaida ni 11-28, ambalo kwa uandishi wa baadaye ni 12.4-28. Likiisha meno, mwenye trekta anaingia dukani na kukuta pia 13.6-28 na 14.9-28, saizi zinazovaliwa na trekta nyingi za Kihindi za nguvu za farasi 40 hadi 50. Namba ya mwisho ni ileile, kwa hiyo tairi linaingia. Muuzaji anasema pana ndiyo bora, fundi anakunja uso, na mwenye mali anabaki katikati na fedha yake mkononi.

Wote wawili wana hoja. Tatizo ni kwamba kila mmoja anazungumzia shamba lake.

Tuanze na hesabu. Ile 12.4 ni upana wa tairi kwa inchi, na kila mtu anauona. Kisichoonekana upesi ni urefu. Tairi la 12.4-28 lina kipenyo cha karibu mita 1.26, na la 14.9-28 karibu mita 1.37. Maana yake ekseli inapanda sentimita tano hivi, na kila mzunguko mmoja wa gurudumu unakula ardhi zaidi kwa asilimia 8 au zaidi kidogo. Umebadilisha gia zote za trekta bila kufungua gia boksi.

Kwa anayetaka tairi pana, hiyo si hasara hata kidogo. Trekta inayoshinda barabarani na tela la mchanga au magunia itafika mapema, na tairi kubwa linabeba uzito mwingi zaidi kwa upepo uleule. Na kwenye udongo mweusi wa mbuga, au majaruba ya mpunga, hoja yake inazidi kupata nguvu. Massey 135 inasukumwa na magurudumu mawili tu ya nyuma. Yakizama imekwisha, utaita trekta nyingine ije kuvuta. Tairi pana lenye upepo kidogo hutandaza uzito, huzama kidogo, na haliushindilii sana udongo ambao mizizi inatakiwa kupita msimu ujao.

Lakini maneno “lenye upepo kidogo” ndiyo yanayobeba hoja yote. Mgandamizo wa tairi juu ya ardhi hufuata kwa karibu upepo uliomo ndani yake. Ukifunga 14.9 kisha fundi wa pancha aliyezoea malori akalijaza mpaka likawa gumu, umenunua upana usioutumia. Tairi jembamba la zamani lenye psi (kipimo cha upepo) 12 hadi 14 litautendea udongo vizuri kuliko pana lenye psi 25. Nimeona watu wakilinganisha matairi mawili bila hata kushika geji, na sielewi walikuwa wanalinganisha nini.

Kuna pia ringi. Ringi za 135 kwa kawaida ni za upana wa inchi 10 au 11. Tairi la 14.9 linataka ringi ya inchi 13, au angalau 12. Ukilikalisha kwenye nyembamba, kingo zake zinabanwa ndani na tumbo linatokeza katikati. Meno ya katikati yanaisha haraka, ya pembeni hayagusi ardhi ipasavyo, na ule upana uliolipia hauonekani ardhini. Ukipunguza upepo ili kulilaza, tairi linaanza kutambaa juu ya ringi wakati wa kuvuta, linaburuta tyubu, na siku moja vali inang’oka. Kwa 13.6 shida hiyo ni ndogo sana, kwa sababu ringi ya inchi 11 inakubalika kwake.

Sasa upande wa fundi. Injini ya Perkins ya silinda tatu, lita 2.5, inatoa nguvu za farasi zipatazo 45, na tairi haliongezi hata moja. Gurudumu likirefuka kwa asilimia 8, nguvu ya kuvuta kwenye gia ileile inapungua kwa kiasi kama hicho. Trekta iliyokuwa inalima bila taabu kwa gia ya pili itaanza kulia, na ukirudi gia ya kwanza mwendo unakufa, kwa sababu gia zake sita za mbele zimeachana mbali. Anayelima kwa kukodishwa kwa ekari anaielewa hasara hiyo bila kalamu.

Breki nazo zinadhoofika kwa hesabu hiyohiyo. Fikiria trekta ya miaka hamsini, breki zimechakaa, tela lisilo na breki liko nyuma, na sasa mwendo umeongezeka. Hili halisemwi sana madukani.

Hoja nzito kuliko zote za fundi, kwangu, ni ya kuteleza. Gurudumu linalozunguka bure linatuudhi, ila ndiyo fyuzi ya trekta: mzigo ukizidi, tairi linateleza kabla chuma hakijakatika. Funga tairi pana, lijaze maji, ongeza vyuma vya uzito, na fyuzi hiyo umeipandisha. Jembe likikutana na kisiki, mshtuko wote unakwenda kwenye difu (gia za ekseli ya nyuma), shafti na beringi ambazo zimekuwa zikifanya kazi tangu kabla dereva hajazaliwa. Si lazima zikatike. Trekta nyingine zimevaa 14.9 miaka mingi na ziko salama, hasa zile zisizovuta jembe zito. Ila zikikatika, bei ya matairi itaonekana ndogo.

Halafu mfuo, ule mtaro unaoachwa na plau. Kwa plau la diski tatu, magurudumu ya upande mmoja hupita ndani ya mfuo wa mzunguko uliotangulia, na mfuo huo una upana wa sentimita 25 hadi 30 hivi. Tairi la 14.9 lina upana wa sentimita 38. Haliingii humo. Litaukanyaga udongo uliokwisha pinduliwa au litausugua ukuta wa mfuo mpaka plau lipoteze mstari. Na kuyasogeza magurudumu ndani haisaidii, maana kwenye nafasi za ndani kabisa tairi pana huanza kutafuta madigadi na mikono ya kunyanyulia jembe.

Kwa hiyo uamuzi unategemea trekta inafanya nini. Haro, tela, jaruba: tairi pana lina nafasi yake. Kuvunja ardhi ngumu kwa plau: mimi sivuki 13.6, na 12.4 sioni aibu yake. Anayetaka vyote kwa seti moja ya matairi atalipa mahali fulani.

Ila kabla ya kununua chochote, pima kama kweli unateleza kupita kiasi. Weka alama ya chaki kwenye tairi, tembeza trekta bila mzigo kwa mizunguko kumi, pima umbali. Kwa 12.4-28 utapata karibu mita 38. Rudia mizunguko kumi ukiwa unalima. Ukipata mita 32, unateleza kwa asilimia 16, kiasi ambacho bado kinavumilika shambani. Ukipata 26, kuna jambo la kurekebisha, na huenda si saizi ya tairi. Linaweza kuwa tairi kipara. Linaweza kuwa upungufu wa uzito, na hapa kwetu kwenye joto tuna bahati ambayo Coventry hawana: maji ya kawaida ndani ya tyubu, robo tatu ya tairi, hayagandi kwa baridi na gharama yake ni ndogo.

Linaweza pia kuwa haidroliki. Massey 135 imerithi wazo la Harry Ferguson, kwamba trekta nyepesi ivute kwa kuazima uzito wa jembe: plau likizidiwa na udongo, toplinki (mkono wa juu unaoshika jembe) inasukuma springi kubwa ya nyuma, haidroliki inalinyanyua kidogo, na uzito unahamia kwenye magurudumu. Trekta ya tani moja na nusu inaweza kushindana na nzito kwa sababu hiyo. Ajabu ni kwamba trekta nyingi kuukuu zinalima huku mfumo huo umekufa, springi imelegea au dereva hajawahi kuonyeshwa wenzo wake, halafu mwenye trekta anatafuta mshiko kwenye duka la matairi. Urekebishe kwanza huo.

Kwa trekta yenye magurudumu manne ya kuvuta, sahau habari hii nzima. Kule tairi la mbele na la nyuma zimepangiwa uwiano, na ukikuza la nyuma peke yake la mbele linageuka kuwa breki.

Aliyekwisha pima, akarekebisha, na bado jaruba linammeza, anunue 14.9 pamoja na ringi zake za inchi 13, zenye tundu nane za bolti zinazolingana na za 135. Zile ringi za zamani aziweke stoo na 12.4 zake, kwa msimu wa plau.