Kabla Hujamzungushia Mtu Duara Jekundu

Kuna skrinshoti imezunguka sana kwenye magrupu ya Mwanza, na kama uko kwenye grupu lolote la biashara, Igoma, Kirumba, Buhongwa, popote, lazima imekupitia. Tangazo la dagaa. Mtu mwenye muda wake amelichukua, akazungushia makosa kwa rangi nyekundu kama mwalimu wa zamu, akaandika juu yake "Elimu yetu hiyo", akalirusha. Emoji za kucheka mpaka machozi zimejaa hadi unachoka kushusha.

Lilikuwa hivi, nimelibadilisha kidogo mwenyewe asitambulike:

"Nauza dagga wakavu wa kwenye vichnaja wana mchanga debe elfu 25 nipo mwaroni kirumba daaga wa jana njoo ujionee dagaa safi"

Duara la kwanza liko kwenye "mwaroni", yaani mwaloni, pale ufukweni panapouzwa samaki. La pili kwenye "dagga". La tatu, jamani, kwenye k ndogo ya Kirumba! Haya. Lakini kosa pekee linaloweza kumlaza huyu mama na njaa halikuzungushiwa na mtu: "wana mchanga". Anayeanika kwenye vichanja vilivyoinuliwa juu ya ardhi anakwepa mchanga. Hiyo ndiyo sifa anayoiuza, ndiyo inayofanya debe lake lizidi bei ya dagaa walioanikwa chini. Alitaka kusema "hawana mchanga". Silabi moja imedondoka, tangazo limegeuka onyo. Grupu zima la wasomi limecheka r, na hakuna aliyemfuata inboksi kumwambia, "Mama, umejiharibia biashara, rekebisha hapo."

Makosa ya tahajia hayalingani. Kuna yanayogeuza maana na kuna yanayokera macho tu, na sisi tumejitolea kwa moyo wote kuyapigania yanayokera macho.

Hiyo r tuimalize kabisa. Kisukuma, lugha ya wengi huku Mwanza, hakina r. Mtu aliyekulia Magu au Kwimba anasikia na kutamka l, na vidole vinafuata ulimi, au vinaogopa kuchekwa na kutia r hata pasipohitajika, ndipo mwaloni unapokuwa mwaroni. Mkurya kutoka Mara naye shida yake iko upande wa pili, anaandika "chakura" na "mchere". Wote wawili wanakutana kwenye mzani mmoja, wanaelewana, wanalipana. Kamati iliyoundwa 1930 kusanifisha Kiswahili ilisimama juu ya Kiunguja, haikupita Misungwi kuuliza watu wanatamkaje. Nakubali kuna jozi zinazochanganya: mahali na mahari, kula na kura, kalamu na karamu. Lakini niambie lini uliona mtu ameandika "tukutane mahari pale pale Buzuruga" ukaanza kuandaa ng'ombe. Kucheka r na l ni kucheka kabila la mtu kwa kisingizio cha sarufi. Basi.

Sasa rudi kwenye lile tangazo. Dagga, daaga, dagaa. Neno moja, mistari michache, sura tatu, na ya mwisho ni sahihi. Hapo ndipo msomi wetu alipaswa kunyamaza. Asiyejua tahajia ya neno mara nyingi hulikosea kwa namna ile ile leo na kesho. Anayelipata mara moja na kulikosa mara mbili ndani ya pumzi moja, tena akigeuza herufi zilizokaa jirani ("vichnaja"), huyo huenda ana disleksia, ile shida ya kuzaliwa nayo ya kusoma na kuandika maneno ingawa akili ni nzima, na kumwambia "jifunze kuandika" ni sawa na kutokusema kitu.

Jambo hili si geni. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika kwenye jarida la madaktari wa kwao habari za kijana wa miaka 14 aitwaye Percy. Kijana mwerevu, hesabu zinapanda, lakini jina lake mwenyewe aliliandika "Precy", na hakuona kosa mpaka alipoonyeshwa zaidi ya mara moja. Mwalimu wake alisema angekuwa kinara wa shule kama masomo yote yangekuwa ya mdomo. Zaidi ya karne imepita na bado tunawafungia watu kwenye maandishi tu, nitalirudia hilo mwishoni.

Kwetu disleksia inajificha vizuri kuliko kwa Waingereza, kwa sababu Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Mtoto akishashika ba be bi bo bu anaweza kuburuza silabi moja moja hadi afike mwisho wa sentensi. Hakosei sana, anachelewa tu. Darasa likisoma kwa pamoja sauti yake inamezwa na za wenzake. Mwalimu anaandika "mzito" kwenye ripoti na maisha yanaendelea. Anaingia kidato cha kwanza, lugha ya kufundishia inageuka Kiingereza, lugha ambayo herufi zile zile zinasomwa hivi hapa na vile pale, na hapo anazama mbele ya wote. Baadaye ndiye huyo unayemkuta mwaloni, anapiga hesabu ya madebe kichwani haraka kuliko wewe na kikokotoo chako, halafu unamcheka tangazo.

Kwa anayeandika hivyo, au ana ndugu anayeandika hivyo, haya ndiyo yanayosaidia kweli.

La kwanza, zima ile tabia ya simu kubadilisha maneno yenyewe. Najua ushauri wa kawaida ni kinyume chake. Lakini fikiri: ukiandika "vichnaja", msomaji anaona kuna kosa na anakisia neno. Simu ikikubadilishia neno likawa neno jingine halali, kosa limevaa suti, msomaji haligundui wala wewe huligundui, kwa sababu kwa mwenye disleksia neno halali lisilo lake linaonekana sawa tu na lile alilolitaka. Simu iliyowekwa Kiingereza ni mbaya zaidi, inaweza kugeuza "kama" kuwa "karma" na "hii" kuwa "hi" bila kukuuliza. Kwenye kibodi ya Google fungua mipangilio, ingia sehemu ya lugha, ongeza Kiswahili, kisha nenda sehemu ya kurekebisha maandishi, zima marekebisho ya moja kwa moja, acha ule mstari wa mapendekezo juu ya herufi. Mapendekezo unayachagua wewe.

Kisha ingia kwenye kamusi binafsi ya kibodi hiyo hiyo. Unabonyeza alama ya kujumlisha, unaandika neno sahihi, na chini yake unaweka kifupi chake. Mtu mmoja anayejua kuandika akae naye nusu saa, waingize maneno ya biashara yake na sentensi anazotumia kila siku: "dgk" ilete "dagaa wakavu wa kwenye vichanja", "nyh" ilete "Nyamhongolo", "ngombe" ilete "ng'ombe", maana ile alama ya ng' imefichwa kwenye ukurasa wa pili wa kibodi na wengi hawaifikii. Ukiacha hicho cha ng'ombe, vifupi viwe vya herufi mbili au tatu, na visifanane. Ukiweka "dgk" na "dkg" umejitegea mtego mwenyewe.

Kuongea badala ya kuandika ndiyo dawa kubwa, na Google iliongeza Kiswahili kwenye huduma hiyo tangu 2017. Unagusa alama ya kipaza sauti kwenye kibodi, unasema, inaandika. Inapoharibika sababu ni zile zile. Umeongea karibu na injini ya mtumbwi au mashine ya kusaga. Umemwaga habari nzima kwa mkupuo. Au umetaja Buswelu na Igombe, majina ambayo haiyajui, ikakuandikia vituko. Simu iwe shibiri moja kutoka mdomoni, sema sentensi moja, tua, angalia, endelea. Majina ya mahali yatoe kwenye kamusi yako binafsi. Usitegemee ikuwekee nukta, weka mwenyewe, na bando likikata huenda ikagoma kabisa.

Kabla ya kutuma, sikiliza. Hili watu hawalifanyi, na ndilo lingemwokoa yule mama. Nakili tangazo, libandike kwenye programu ya tafsiri ya Google upande wa Kiswahili, gusa alama ya spika. Sauti ni ya kiroboti, sikatai, lakini ikisema "wana mchanga" sikio lako litashtuka hata kama jicho lilipita. Kisahihishaji cha tahajia hakiwezi kulikamata kosa hilo, kwa kuwa "wana" ni neno halali. Na kama limeshakwenda, WhatsApp tangu 2023 inaruhusu kuuhariri ujumbe ndani ya dakika 15: bonyeza na kushikilia ujumbe, chagua kuhariri.

Halafu hiyo "ha" yenyewe. Kwenye Kiswahili mara nyingi mzigo wa kukataa unabebwa na silabi moja mwanzoni mwa neno, tena silabi ambayo wengi wetu hatuitamki sawasawa: "hana" inakuwa "ana", "hajafika" inakuwa "ajafika". Anayejua kwamba silabi zinamponyoka asiweke pesa zake juu ya silabi hiyo. Aseme kwa kukubali. Badala ya "hawana mchanga", aandike "wasafi, mchanga sifuri". Badala ya "hawapo", "wameisha". Badala ya "sikopeshi", "nauza kwa pesa taslimu tu". Na jambo la pesa alitaje mara mbili kwa maneno tofauti: "Dagaa wameisha. Mzigo mwingine unakuja Jumamosi." Sentensi moja ikivunjika, ya pili inaishikilia. Vitenzi virefu navyo avikate: "tutawatumia" ni ndefu, "tutatuma kwenu" inapita kirahisi.

Namba ni balaa lake. Namba ya simu iandikwe kwa mafungu, nne, tatu, tatu. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, igawe nane, tano, tano na mbili. Zile nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo hizo unaweza kuzihakiki kichwani. Kontroo namba, ile ya kulipia malipo ya serikali, usiinakili kwa mkono hata siku moja, kopi na upesti. Ukituma pesa, jina la mpokeaji linapotokea kabla ya namba ya siri lisomwe kwa sauti. Bei iwe na mkato: 25,000. Sufuri zilizopangana bila mkato hazihesabiki kwa jicho linaloteleza.

Fonti maalum za disleksia, OpenDyslexic na wenzake, usihangaike nazo sana. Kinachoonekana kusaidia ni nafasi: utafiti wa 2012 kwa watoto wa Kiitaliano na Kifaransa wenye disleksia ulionyesha kwamba kuachanisha herufi tu kuliwafanya wasome vizuri zaidi. Kuza maandishi ya simu, andikia kwenye programu ya kumbukumbu badala ya kile kisanduku chembamba cha WhatsApp, ruka mstari kila baada ya wazo.

Sawa, najua mtakaloniambia. Mkataba wa nyumba, dozi ya dawa, barua ya kuomba kazi, hapo tahajia ni tahajia. Nakubali, shingo upande. Kwa hizo nenda stesheneri, mlipe kijana akuchapie, na kabla hajaprinti mwambie akusomee yote kwa sauti tangu mwanzo. Asikuboreshee maneno. Wengi wana ugonjwa wa kuboresha, unaomba kazi ya udereva unatoka na barua ya mbunge.

Lakini tangazo la dagaa si mkataba. Na hapa ndipo hasira zangu zilipo: magrupu haya haya yanayocheka maandishi yana sheria juu kabisa, "VOISI HAZIRUHUSIWI". Mmemnyima mtu mdomo, mmemlazimisha kwenye kalamu, halafu mnakuja na wino mwekundu. Hiyo ni akili gani? Voisi ya nusu dakika inamaliza tangazo zima na wewe usiyetaka kuisikiliza unaipita.

Kama admini anaogopa kelele za voisi, basi abandike fomu juu ya grupu na kila mwenye bidhaa aikopi. Mistari mitano: Bidhaa. Bei. Mahali. Ipo: NDIYO au IMEISHA. Simu. Kwa dagaa aongeze wa sita, Wameanikwa: VICHANJA au CHINI. Muuzaji anafuta jibu lisilo lake na kubakiza moja, na hakuna "ha" ya kumponyoka. Aliyechora maduara nampa kazi hiyo, maana muda anao.