Mbwa Wako, Kinyesi Chake, Njia Yetu

Idadi ya watu wanaofuga mbwa mijini imeongezeka mno katika miaka ya karibuni, na ongezeko hilo lilipata msukumo mkubwa wakati wa janga la UVIKO-19, pale ambapo watu wengi waliofungiwa majumbani walitafuta kiumbe cha kukaa nacho na sababu ya kutoka nje. Nchini Uingereza, chama cha watengenezaji wa vyakula vya wanyama kilikadiria mwezi Machi 2021 kwamba kaya milioni 3.2 zilikuwa zimejipatia mnyama wa kufuga tangu janga hilo lianze. Ufugaji wa namna hii hautofautiani na ule wa zamani kwa idadi peke yake. Mbwa wa zamani aghalabu alikuwa mlinzi, aliishi ndani ya ua, na alichokiacha kilibaki ndani ya ua huo huo. Mbwa wa leo analala sebuleni, katika nyumba ya ghorofa isiyo na ua, na hana budi kutolewa nje mara mbili au tatu kwa siku ili ajisaidie. Choo chake, kwa hiyo, ni njia ya waenda kwa miguu, nyasi za bustani, mchanga wa ufukweni na kingo za uwanja wa kuchezea watoto, yaani mahali ambapo ni pa watu wote.

Sina ugomvi na mbwa, wala si nia yangu kuwaambia watu waache kuwafuga. Mbwa humtoa nyumbani mtu anayeishi peke yake, humfanya asalimiane na majirani ambao asingewajua kamwe, na katika familia nyingi huhesabiwa kuwa mmoja wa watu wa nyumbani. Hoja yangu ni moja tu: kinyesi cha mbwa ni mzigo wa yule aliyeshika kamba, naye anapaswa kukizoa papo hapo, kwa mkono wake, bila kumwachia mfagiaji, mvua wala mpita njia. Utaratibu wowote unaomwondolea mtu huyo wajibu wa kuinama hushindwa, hata ukigharimu fedha nyingi kiasi gani.

Nianze na afya, kwa sababu hapo ndipo dhana potofu zilipo nyingi. Watu hudhani kwamba kinyesi kibaya ni kile kibichi, chenye harufu na inzi, na kwamba kikishakauka na kusambaratika habari yake imekwisha. Kwa minyoo iitwayo Toxocara canis, ambayo ni ya kawaida sana kwa mbwa na hasa kwa watoto wa mbwa, kwani wengi wao huambukizwa wakiwa bado tumboni mwa mama, mambo ni kinyume kabisa. Mayai ya minyoo hiyo yanapotoka na kinyesi huwa bado hayawezi kumwambukiza mtu. Yanahitaji kukaa nje kwa muda wa wiki mbili hadi nne hivi, kutegemea joto na unyevu, ndipo viluwiluwi vilivyomo ndani vikomae. Baada ya hapo yanaweza kudumu udongoni kwa miaka. Wakati huo kinyesi chenyewe kimeshapotea, nyasi zimeota juu yake, na mtoto anayechezea udongo kisha akatia vidole mdomoni hana kitu chochote cha kumtahadharisha. Mara nyingi maambukizi hayo hupita bila dalili, lakini kiluwiluwi kikipotelea kwenye jicho kinaweza kuharibu retina na kumwacha mtoto na uoni hafifu au upofu wa jicho hilo.

Agizo la kuzoa papo hapo, basi, si ukali wa bure. Kinyesi kilichozolewa dakika ile ile huondoka na mayai yote kabla hayajakomaa, ilhali kilichoachwa kwa mwezi mmoja hakizoleki tena, na mvua ambayo mwenye mbwa anaitegemea isafishe ndiyo inayoyatawanya. Minyoo ya safura ya mbwa nayo ina njia yake: viluwiluwi vyake husubiri kwenye mchanga wenye unyevu na kupenya ngozi ya mguu mtupu, kisha vikatambaa chini ya ngozi na kuchora michirizi myekundu iliyopindapinda ambayo huwasha usiku na mchana. Mbwa wenyewe pia hawasalimiki, kwa sababu virusi vya parvo, vinavyoua watoto wa mbwa kwa kuhara damu, hubaki hai kwenye ardhi iliyochafuliwa kwa miezi mingi. Mtu anayeacha kinyesi cha mbwa wake kwenye nyasi anaweza kumuua mbwa wa jirani.

Lakini hata tungeweka magonjwa yote kando, bado kuna watu ambao adha hii kwao si ya kukunja uso na kupita. Mtu anayetumia kiti cha magurudumu husukuma magurudumu kwa viganja vyake. Gurudumu likipita juu ya kinyesi, katika mizunguko michache uchafu huo umefika mikononi, kwenye mikono ya shati na baadaye kwenye zulia la nyumbani kwake, kwa sababu gurudumu halivuliwi mlangoni kama kiatu. Asiyeona, anayeipapasa njia kwa fimbo nyeupe, hulazimika kuishika na kuikunja fimbo hiyo hiyo anapopanda basi. Na mfanyakazi wa bustani anayekata nyasi kwa mashine ya kamba inayozunguka hurushiwa kinyesi kilichojificha kwenye majani hadi usoni. Huyu wa mwisho hatajwi mara nyingi katika mijadala ya namna hii, ingawa ndiye anayekutana na tatizo kwa karibu kuliko wote na kwa ujira usio mkubwa.

Utetezi mmoja husikika kila mahali, nao ni kwamba kinyesi ni mbolea. Mwenye kusema hivyo humfananisha mbwa na ng'ombe, ambaye hula majani ya pale pale na kuirudishia ardhi kilichotoka humo. Mbwa hulishwa chakula chenye nyama nyingi kilichonunuliwa dukani, kisha akakileta kwenye nyasi ambazo hazikukihitaji. Watafiti nchini Ubelgiji walichapisha mwaka 2022 matokeo ya uchunguzi wao katika hifadhi za asili za pembezoni mwa mji wa Ghent, ambamo walikadiria kwamba mbwa wanaotembezwa humo huongeza kila mwaka kiasi cha kilo 11 za nitrojeni na kilo 5 za fosforasi kwa kila hekta. Kwa shamba la mahindi kiasi hicho kingekuwa cha kupokelewa kwa mikono miwili, lakini hifadhi hizo hutunzwa kwa makusudi zisiwe na rutuba nyingi, kwa kuwa rutuba ikizidi, mimea michache yenye nguvu hutawala na maua ya porini hupotea. Kilichonivutia zaidi katika utafiti huo ni hesabu ya kinachookolewa: kinyesi kikizolewa, karibu fosforasi yote huondoka nacho, lakini nitrojeni hupungua kwa zaidi ya nusu kidogo tu, kwa sababu nyingine imo kwenye mkojo, na mkojo hakuna awezaye kuuzoa. Wenye mbwa wana sababu zaidi ya kuzoa kile kinachozoleka.

Sasa nije kwenye kazi ya serikali, ambako miji miwili mikubwa ilichukua njia zinazopingana. Katika jiji la New York, wakati wa umeya wa Ed Koch, sheria iliyopitishwa na jimbo ilianza kutumika tarehe 1 Agosti 1978, ikimtaka kila mwenye mbwa azoe kinyesi cha mbwa wake mwenyewe, la sivyo atozwe faini. Ilipingwa vikali, na baadhi ya wapinzani walikuwa wapenzi wa mbwa waliohofu kwamba hiyo ilikuwa hatua ya kwanza ya kupiga mbwa marufuku jijini. Paris, kwa upande wake, iliamua mwaka 1982 kumfanyia raia kazi hiyo. Jiji lilinunua pikipiki zenye mitambo ya kufyonza, zilizojulikana kwa jina la motocrottes, na madereva wake wakawa wanapita kwenye njia za miguu kufyonza walichokikuta. Zilidumu hadi mwaka 2004, zikaondolewa kwa sababu zilikuwa za gharama kubwa na zilikuwa zikiokota sehemu ndogo tu ya kilichoachwa, na nafasi yake ikachukuliwa na msimamo wa kuwatoza faini wenye mbwa.

Sidhani kama kosa lilikuwa kwenye mitambo. Pikipiki ikipita barabarani asubuhi, mtu anayetembeza mbwa hujihesabia haki: nimelipa kodi, mwenye kazi yake anakuja. Aibu humtoka, na jirani anayemtazama kutoka dirishani hana cha kumwambia. Mjini New York mambo yalikwenda kinyume, ingawa si kwa sababu askari walikuwa wakiotea kila kona. Kumkamata mtu wa namna hii ni kazi ngumu, kwa kuwa kosa lenyewe huchukua nusu dakika, mara nyingi alfajiri au giza likishaingia, na ni lazima ofisa awepo na alione kwa macho yake. Sheria ilichofanya ni kumpa mpita njia haki ya kusema. Kabla ya hapo, aliyemkemea mwenye mbwa alionekana mkorofi; baada ya hapo, mkorofi akawa ni yule anayeondoka na kamba mkono mmoja na simu mkono wa pili, akijifanya hakuona kilichotokea nyuma yake. Ishara hiyo ya simu naijua vizuri, kwani hakuna mtu anayesoma ujumbe kwa makini kama mwenye mbwa wakati mbwa wake amechuchumaa.

Wapo wanaotegemea vinasaba (DNA), yaani kupima kinyesi kilichookotwa na kukilinganisha na sampuli za mbwa waliosajiliwa ili mwenyewe ajulikane. Petah Tikva, nchini Israel, ilifanya majaribio ya namna hiyo mwaka 2008, na Béziers, nchini Ufaransa, ikafuata mwaka 2023 kwa kuwataka wenye mbwa wa katikati ya mji wawe na hati inayothibitisha kwamba vinasaba vya mbwa wao vimesajiliwa. Ndani ya majengo yenye geti moja na wakazi wanaojulikana naona njia hii inaweza kufaa. Katika jiji lenye wageni na mbwa ambao hawakusajiliwa, sampuli nyingi zitakosa wa kulinganishwa naye, na wenye kulipia usajili watakuwa ni wale wale ambao tayari walikuwa wakizoa. Mji mdogo wa Brunete, nchini Hispania, mwaka 2013 ulichagua mzaha: watu wa kujitolea walimfuata aliyeacha kinyesi, wakazungumza naye kirafiki hadi wakajua jina na aina ya mbwa, kisha kwa kutumia daftari la usajili wakampelekea mzigo wake nyumbani, ndani ya boksi lililoandikwa kuwa ni mali iliyopotea. Nilicheka niliposoma habari hiyo, ingawa sipendi daftari la serikali litumike kwa kazi ya kuwatega watu kwa maneno matamu.

Kuna pia kundi linalonishangaza kuliko wote, nalo ni la wanaozoa kinyesi, wakafunga mfuko kwa fundo safi, kisha wakauning'iniza kwenye tawi la mti au kwenye uzio na kwenda zao. Kinyesi ambacho kingeoza kwa wiki kadhaa sasa kimehifadhiwa ndani ya plastiki. Wengine hujitetea kwamba mfuko wao ni wa aina inayooza, na hawajui kwamba mingi ya aina hiyo imetengenezwa ioze katika mitambo maalumu yenye joto kubwa, si juu ya mwiba kandokando ya njia. Nikilazimika kuchagua, mfuko wa plastiki ya kawaida uliotiwa kwenye pipa ni bora mara nyingi kuliko mfuko wa kisasa ulioning'inizwa.

Mbwa wasio na mwenyewe ni suala jingine, na dawa yake ni chanjo na kuwafunga uzazi. Hata hivyo, mbwa anayefunguliwa geti alfajiri akazurure na kurudi kula jioni ana mwenyewe, na mwenyewe huyo hana ruhusa ya kujificha nyuma ya mbwa wa mitaani.

Mamlaka za miji nazo zina deni. Haiwezekani kumwambia mtu azoe kinyesi kisha atembee nacho kilomita mbili bila kuona pipa, au akute pipa limefurika tangu juzi na mifuko imerundikwa chini yake. Nchini Ujerumani wenye mbwa hulipa kodi ya mbwa kwa manispaa zao, na wengi wao hulalamika kwamba fedha hiyo huingia kwenye mfuko mkuu bila kulazimika kurudi kwenye jambo lolote linalohusu mbwa. Naona malalamiko hayo yana msingi. Mahali popote ada ya mbwa inapotozwa, au inapofikiriwa kutozwa, sheria yenyewe ingetaja kwamba fedha hiyo italipia mapipa na mishahara ya wanaoyamwaga, na mapipa hayo yangewekwa mita mia mbili au tatu baada ya lango la bustani na si langoni tu, kwa sababu mbwa aliyetoka ndani ya nyumba akiwa amejizuia usiku kucha hujisaidia mwanzoni mwa matembezi, na mwenyewe anakuwa tayari ameshalipita pipa la kwanza.