Vidakuzi na Nyumba za Wageni Malindi

Mwenye nyumba ya wageni mjini Malindi anayekodisha vyumba vyake kwa njia ya tovuti anahusika na vidakuzi kwa pande mbili: akifungua tovuti za wengine hufuatiliwa, na tovuti yake mwenyewe, pengine bila yeye kujua, huwafuatilia wateja wake.

Kidakuzi ni maandishi mafupi ambayo tovuti huyahifadhi katika kivinjari cha mtu, yaani programu anayofungulia tovuti, ili imtambue anapofungua ukurasa mwingine au anaporudi siku nyingine. Kilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli wa kampuni ya Netscape. Kumbukumbu hiyo ndiyo inayomwezesha mteja aliyeko Milan kuchagua tarehe, kisha chumba, kisha kulipa, bila tovuti kumsahau njiani, na kwa kazi hiyo sioni sababu ya kukilaumu.

Ugomvi uko kwenye vidakuzi vya washirika wengine, yaani vile vinavyowekwa na kampuni za matangazo ambazo mtu hakuzitembelea kabisa. Kampuni yenye vidakuzi katika maelfu ya tovuti huweza kuunganisha alichosoma mtu asubuhi na alichotaka kununua jioni. Watetezi husema kwamba hoteli ndogo hunufaika, kwa kuwa hulipia tangazo la kumfikia aliyekwisha kutazama vyumba vyake, na hivyo haiwategemei sana mawakala wakubwa wa mtandaoni wanaokata kamisheni. Hoja hiyo ina uzito katika mji unaotegemea msimu wa watalii, ila haimpi mtu ruhusa ya kukusanya habari za mwenziwe bila kumuuliza.

Sheria nayo iko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inakihesabu kitambulisho cha mtandaoni kuwa miongoni mwa mambo yanayoweza kumtambulisha mtu, na inataka ridhaa iwe ya hiari na ya wazi, tena mtu aweze kuiondoa wakati wowote. Tovuti ya Malindi inayowauzia vyumba Waitaliano wakiwa kwao huweza pia kufungwa na kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data iliyoanza kutumika Mei 2018. Huko, Januari 2022, mamlaka ya kulinda data ya Ufaransa ilitangaza kuitoza Google faini ya euro milioni 150 kwa kuwa kuvikataa vidakuzi kulikuwa kugumu kuliko kuvikubali.

Kwa mtumiaji, dirisha la kuomba ridhaa lenye kitufe cha "Kubali vyote" ni kinga dhaifu, maana hutengenezwa na yule yule anayenufaika kitufe hicho kikibonyezwa. Mipangilio ya kivinjari humfaa zaidi. Safari, kivinjari cha kampuni ya Apple, huvizuia vidakuzi vya washirika wengine yenyewe tangu 2020. Katika Chrome, kivinjari cha Google, ambako kampuni hiyo iliacha mwaka 2024 mpango wake wa kuviondoa, mtumiaji ndiye wa kuingia katika sehemu ya faragha na usalama na kuvizuia. Kuvifuta vyote humrudisha kwenye kuandika nywila upya kila mahali, kero ambayo si ndogo. Anayetumia kompyuta ya saiba, hata hivyo, hana budi kutoka kwenye akaunti zake kabla ya kuondoka, kwani kidakuzi kilichobaki humfungulia barua pepe yake atakayeketi baada yake.

Mwenye nyumba naye amuulize fundi wa tovuti yake ni misimbo gani ya matangazo, yaani vipande vya programu vinavyoweka vidakuzi hivyo, iliyomo. Nyingi huwa zimewekwa tangu mwanzo na hazitumiwi na yeyote. Zikiondolewa, vikabaki vidakuzi vya lazima pekee, hata kanuni za Ulaya hazimtaki tena aombe ridhaa ya kuviweka.