Altezza au Roadster: gari la spoti la bei nafuu kwa matembezi ya Unguja na Pemba

Mabishano kuhusu magari ya spoti visiwani kwetu yana pande mbili zisizosikilizana. Upande wa kwanza unasema kwamba Unguja, ambayo urefu wake ni kilomita 85 hivi, yenye matuta kila penye skuli na askari wa usalama barabarani kila baada ya vijiji viwili vitatu, haina nafasi ya gari lililotengenezwa kwa ajili ya mbio, na kwamba anayeliagiza anatupa fedha ambazo zingemnunulia gari la kuwabebea wanawe. Upande wa pili, ambao wengi wao ni vijana walioanza kupata kipato, unajibu kwamba mtu hafanyi kazi wiki nzima ili Jumapili apande gari lisilo na ladha, na kwamba magari yaliyotumika ya Japani yameisogeza starehe hiyo karibu na mfuko wa mtu wa kawaida. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinakosea mahali pamoja, kwa kuwa zote zinaupima uspoti wa gari kwa kasi yake. Anayetaka gari la matembezi, yaani la kutoka mjini asubuhi, kuzunguka shamba na pwani na kurudi jioni bila ya kuchoka, anapaswa kuuliza mambo mengine kabisa: gari lina uzito gani, usukani wake unajibu vipi, linahimili vipi chumvi na jua, na likizima Makunduchi, nani atalitengeneza na kwa spea ipi.

Ni kweli kwamba nguvu nyingi hazina kazi kwenye barabara zetu. Kikomo cha mwendo kwenye makaazi ya watu ni kilomita 50 kwa saa, na Unguja makaazi yamefuatana karibu njia nzima kutoka Mwanakwerekwe hadi Tunguu na kutoka Bububu hadi Mahonda. Pale Jozani matuta yaliwekwa kwa makusudi ili kima punju wavuke salama, na gari la chini hulazimika kuyapanda kwa upande, gurudumu moja likitangulia jengine, huku dereva akisikiliza kama bampa itakwaruza. Mwenye injini ya nguvu za farasi 280 na mwenye injini ya nguvu 120 hapo wako sawa.

Lakini wepesi si kitu kimoja na nguvu, na hapa ndipo hoja ya wapinzani inapopungua uzito. Pemba ni kisiwa cha vilima na kona. Ukitoka Mkoani kupitia Mtambile, au ukishika barabara ya zamani ya Chake Chake kwenda Wete, kilomita 50 kwa saa zinatosha kabisa kukuonesha kama gari linakaa barabarani au linayumba, kama breki zinashika kwa ulaini au kwa kushtukia, na kama gia ya pili inaingia bila ya kubembelezwa. Msimu wa karafuu majamvi huanikwa kandokando ya njia, na dereva mwenye adabu hupunguza hata huo mwendo mdogo. Anayesema kwamba Zanzibar haina barabara ya kumfurahisha dereva ama hajaendesha Pemba, ama ameendesha akiwa na haraka.

Kwa mtazamo huo, gari la kwanza linalostahili kutajwa ni Mazda Roadster, ambayo nje ya Japani hujulikana zaidi kwa jina la MX-5. Toleo lake la kwanza lilioneshwa Chicago mwaka 1989 likiwa na injini ya sentimita za ujazo 1,600 na uzito usiofika tani moja. La pili likaja mwaka 1998, la tatu mwaka 2005 na la nne mwaka 2015, na mwaka 2016 kiwanda kilitoa gari la milioni moja la aina hiyo. Injini iko mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, viti ni viwili, paa la turubai hufunguliwa kwa mkono mmoja, na uzito mdogo humaanisha kwamba tairi, breki na petroli vyote hutumika kwa uchumi. Kwa mtu anayefuatilia bei ya mafuta inayotangazwa kila mwezi na ZURA, mamlaka inayodhibiti maji na nishati Zanzibar, hilo si jambo dogo. Sioni gari jengine la bei hiyo ambalo dereva analihisi kwa ukaribu namna hii akiwa kwenye mwendo unaoruhusiwa na sheria.

Dosari ya kwanza ya Roadster ni viti vyenyewe. Kaya nyingi za kwetu, zikibahatika, zina gari moja, na gari la viti viwili huwagawa watu wa nyumba kila Jumapili: nani anakwenda Paje na nani anabaki. Dosari ya pili ni jua. Turubai likikaa nje mchana kutwa hukakamaa na kupasuka kwenye mikunjo, na kioo cha nyuma cha toleo la kwanza ni plastiki, ambayo hugeuka rangi ya manjano mpaka dereva haoni kinachomfuata. Toleo la pili lilipewa kioo cha kweli, na kwa sababu hiyo peke yake ningelipendekeza zaidi kwa mkaazi wa Zanzibar.

Dosari ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni kutu. Katika matoleo mawili ya mwanzo, maji ya mvua yanayoteremka kwenye turubai hukusanywa nyuma ya viti na kupelekwa chini kupitia vitundu viwili, kimoja kila upande. Majani na vumbi vikiziba vitundu hivyo, maji hufurika na kuingia ndani ya vizingiti vilivyo chini ya milango, ambako hukaa na kula bati kutoka ndani kuja nje. Kwa nje rangi inang'aa, lakini ukibonyeza kwa kidole gumba mbele kidogo ya gurudumu la nyuma, unasikia bati likilia kama biskuti. Gari likitoka Hokkaido au mikoa mengine ya Japani inayomwagiwa chumvi barabarani wakati wa theluji, likaletwa kwenye kisiwa ambacho upepo wake wenyewe una chumvi, linakuwa limeingia kwenye adhabu ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza. Masika moja tu yanatosha kuifichua siri yote.

Karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari kwenye mnada wa Japani, ambayo wauzaji wengi hupenda kuionesha, husaidia kwa kiasi chake. Alama ya R hueleza kwamba gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa kwenye mhimili wa bodi, na gari la alama hiyo linafaa kuachwa hata likiwa rahisi namna gani. Hata hivyo, mkaguzi wa mnada hafungui vizingiti, na alama nzuri ya 4 inazungumzia zaidi kile kinachoonekana. Kwa gari ambalo tayari limefika bandarini na linauzwa hapa hapa, mnunuzi ana faida ambayo mwenye kuagiza kwa picha hana: anaweza kumchukua fundi wa bodi, si fundi wa injini, akainua zulia, akamimina kikombe cha maji kwenye vile vitundu na kuangalia kama yanatokea chini. Kwa rai yangu, hicho ndicho kipimo cha thamani zaidi ambacho mnunuzi wa Zanzibar anaweza kukifanya, kwa sababu injini ya Roadster ni ngumu na haina maajabu, ilhali bodi ikishaoza hakuna fundi atakayeirudisha kwa bei ya haki.

Upande wa pili wa mizani upo Toyota Altezza, gari la milango minne na viti vitano lililotoka mwishoni mwa mwaka 1998, likapewa tuzo ya gari bora la mwaka nchini Japani, na kuendelea kutengenezwa hadi 2005. Watu wa kwetu wanaijua sana, pengine wanaijua kupita kiasi, kwa kuwa imeshazoeleka mitaani hata wengine hawaihesabu tena kuwa gari la spoti. Wanakosea. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, uzito umegawanywa vizuri baina ya mbele na nyuma, na gia ya mkono ya hatua sita ilipatikana tangu mwanzo. Iko ya RS200, yenye injini ya 3S-GE ya silinda nne na nguvu zipatazo 210, na iko ya AS200, yenye injini ya 1G-FE ya silinda sita na nguvu 160.

Vijana hukimbilia RS200 kwa sababu ya hizo nguvu 210. Mimi ningemshauri mtu wa matembezi achukue AS200, na sababu yangu kubwa iko gereji. Injini ya 1G-FE ndiyo hiyo hiyo iliyowekwa kwenye Mark II na Crown za enzi hizo, magari ambayo mafundi wetu wameyafungua na kuyafunga miaka yote hii. Plagi, koili, pampu ya maji, mkanda wa taimingi na gasketi zake vinapatikana, na kisichopatikana mjini huletwa na boti kutoka Gerezani au Kariakoo. Injini ya RS200 imejengwa kwa mgandamizo mkubwa na ilikusudiwa petroli ya daraja la juu ya Japani, na ikipata hitilafu kwenye mfumo wake wa valvu inamtaka fundi mwenye uzoefu maalumu. Wanaoilaumu AS200 kwamba ni nzito kuondoka, wana haki, kwani tani moja na robo ushei kwa nguvu 160 si gari la kushindana. Lakini silinda sita zake zinazunguka kwa ulaini ambao katika safari ya kutoka mjini hadi Michamvi na kurudi una faida kuliko nguvu 50 za ziada. La kuangalia ni mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000. Mara nyingi gereji za Japani hubandika kijikaratasi ndani ya boneti kinachoonesha kilomita za mabadiliko ya mwisho, na kikikosekana, mnunuzi aiweke kazi hiyo kwenye hesabu yake ya siku ya kwanza.

Magari mengine yanayotajwa vijiweni yanaweza kupitiwa kwa haraka. Mazda RX-8 inauzwa kwa bei ya kushawishi, na bei hiyo ina sababu: injini yake ya rotari, inayotumia rota zinazozunguka badala ya pistoni, hunywa mafuta ya injini kwa asili ya ujenzi wake, haipendi safari fupi fupi za mjini, na ikipoteza mgandamizo hukataa kuwaka ikiwa ya moto. Toyota MR-S ni nyepesi na injini iko katikati, ila mizigo haina pa kukaa. Honda S2000 imeshapanda bei mpaka imetoka kwenye mazungumzo ya unafuu. Fairlady Z ya lita tatu na nusu ni gari zuri kwa barabara ndefu za Bara, ambako petroli inayokunywa ina pa kwenda. Mark X ni gari la safari kwelikweli, lenye starehe na nguvu za kutosha, na anayeithamini zaidi raha ya abiria kuliko ya dereva asisite kuichukua. Toyota 86, iliyotoka mwaka 2012, ndiyo ingekuwa jibu la wote, kwa kuwa ni nyepesi na ina viti viwili vidogo vya nyuma kwa watoto. Kinachoizuia ni bei yake, ambayo ukiongeza nauli ya meli na ushuru wa forodha wa asilimia 25 unaotozwa Afrika Mashariki, bado iko mbali na wengi wetu.

Jambo ambalo pande zote mbili za mabishano hulisahau ni hali ya gari wakati linapokufikia. Altezza nyingi zinazouzwa hapa zimeshachezewa: springi zimekatwa ili gari likae chini, rimu za inchi 18 zimevalishwa matairi ya ukuta mfupi, na bomba la moshi limetobolewa ili lipige kelele. Gari la namna hiyo haliwezi tena kuitwa la matembezi. Springi iliyokatwa huua shokapu na bushi, tairi ya ukuta mfupi hupasuka kwenye shimo la kwanza la njia ya vumbi ya kuingilia pwani, na bampa ya mbele hukwaruza hata kwenye daraja la meli inayobeba magari kwenda Pemba. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu wahandisi wa gari hili walilitafutia mizani yake kwa makini, na kuna vijana wanaolipa fedha za ziada ili waiharibu. Anayepata AS200 yenye springi na rimu za kiwandani, hata kama rangi imepauka, amepata gari bora kuliko ile inayong'aa iliyoshushwa.

Kwa hivyo, mwenye nyumba ya gari moja ningemwelekeza kwenye Altezza ya silinda sita, na nisingeona kwamba amejinyima kitu. Mwenye gari jengine la kubebea watoto, au asiye na watoto bado, achukue Roadster ya toleo la pili, mradi apate pahala penye kivuli pa kuilaza na awe tayari kuzibua vile vitundu kabla ya kila masika na kila vuli. Na kama nia yake ni kuvuka hadi Bara ili akaipande milima ya Lushoto au mteremko wa Kitonga, ambako gari la aina hii linapata kona zinazolistahiki, aulize kwanza taratibu za forodha kwa gari lenye namba ya Zanzibar, na aulize kabla ya kukata tiketi ya meli.